Tarishi na Sanduku: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu Kilichotoka Masama

Mwishoni mwa mwaka jana tuliletewa kijitabu cha kurasa 14 kutoka Masama, katika Wilaya ya Hai. Kimeandikwa na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari kwa ajili ya vyama vya ushirika vya msingi na shule za sehemu hiyo. Makusudi yake ni kumsaidia mtu aliyekwisha kukodi mashine ya kuwekea tovuti, na kuipa paneli ya usimamizi, aamue ni programu gani ya seva ya barua pepe aiweke chini ya paneli hiyo. Barua iliyofuatana nacho ilitutaka tuiangalie lugha yake kabla ya kijitabu kugawiwa vyama vingine. Tulidhani tutasahihisha tahajia na kukirudisha baada ya juma moja. Tulikaa nacho miezi miwili, kwa kuwa tuliona kwamba kosa lake kubwa si la mwandishi peke yake, bali ni la istilahi ambayo sisi tunaoshughulika na kazi hii tumekuwa tukiitumia bila kuichungua.

Katibu wa chama kimoja, katika barua hiyohiyo, alieleza yaliyowapata walipokifuata kijitabu neno kwa neno. Ukurasa wa 6 una jedwali lenye majina matano: Sendmail, qmail, Exim, Postfix na Dovecot. Yote yamewekwa chini ya kichwa kimoja, "Seva za Barua Pepe", na kila moja limepewa alama kwa wepesi wa kuiweka, wepesi wa kuiendesha na usalama. Dovecot ndiyo iliyopata alama nyingi kuliko zote. Chama kikaiweka Dovecot kwa kutumia Webmin, na hakikuweka nyingine, maana kijitabu kilisema chagua moja. Masanduku ya barua yakafunguka vizuri. Kila mjumbe wa kamati akapewa anwani yake na neno lake la siri. Kwa wiki tatu masanduku yalikuwa matupu, na wajumbe wakaamini kwamba hakuna aliyewaandikia. Ulikuwa msimu wa kahawa, na mnunuzi mmoja wa ng'ambo alikuwa ameandika mara mbili kuulizia sampuli. Barua zake zilirudishwa kwake, naye akanunua kwingine.

Msomaji anayezijua programu hizi amekwisha kuliona kosa. Kwa wasiozijua hatuna budi kueleza, na mfano mzuri wa kuelezea tunao wenyewe. Posta yetu, kwa sehemu kubwa, haikuzoea kumpelekea mtu barua mlangoni. Lori hupeleka magunia ya barua kutoka mji hadi mji. Barua huchambuliwa, kila moja huingizwa katika sanduku lake. Kisha mwenye sanduku huja na ufunguo wake akazichukua. Kazi hizi ni mbili, tena ni mbalimbali. Ya kwanza ni kusafirisha, ya pili ni kutunza na kumtolea mwenyewe. Sendmail, qmail, Exim na Postfix ni za kazi ya kwanza. Zinasikiliza mlango namba 25 wa mashine, zinapokea barua kutoka mashine nyingine za ulimwengu kwa itifaki ya SMTP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1982, na kwa itifaki hiyohiyo hupeleka barua nje. Dovecot kazi yake ni ya pili. Inalitunza sanduku na kumfungulia mwenyewe anapokuja kwa itifaki ya IMAP au POP3, lakini haisikilizi mlango namba 25, wala haijui njia ya kwenda mji mwingine. Chama kile kilijenga masanduku mazuri yenye funguo mahali ambapo lori la barua halifiki.

Basi jedwali la ukurasa wa 6 linalinganisha vitu visivyolinganishika, kama mtu anayepima lori na kabati ili ajue lipi bora. Lakini tumuulize mwandishi: angefanyaje? Istilahi aliyopewa ni moja tu, "seva ya barua pepe", nayo imetandazwa juu ya kazi zote mbili. Kiingereza nacho hutumia jina moja la jumla, ila nyuma ya jina hilo wataalamu wake wana majina ya kila kazi, na vitabu vyao huyatumia. Sisi tulichukua jina la jumla tukayaacha yale mengine. Mfasiri akibaki na neno moja mahali pa matatu, msomaji wake ataona kitu kimoja mahali pa vitatu.

Kosa hili limeongezewa nguvu na jambo dogo la ukurasa wa 5. Mwandishi, kwa nia njema, ameeleza maana za majina. Kuhusu Dovecot anasema kwamba ni "njiwa apelekaye barua". Kwa hakika neno hilo la Kiingereza maana yake ni nyumba ya njiwa, lile jengo lenye vitundu ambamo njiwa hurudi kulala. Timo Sirainen, aliyeitoa programu hiyo mwaka 2002, aliipa jina lililoilingana: mahali barua zinapotua. Mfasiri ameifanya nyumba kuwa ndege, na kwa hiyo msomaji wa Masama akatarajia iruke. Hatukumbuki kuona mahali pengine ambapo kosa la tafsiri ya neno moja limesafiri moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa mkulima.

Sasa jambo lililotushangaza zaidi. Katika ukurasa wa 9, akieleza jinsi barua inavyotoka, mwandishi huyohuyo anaandika kwamba Postfix "ni kama tarishi wa ofisi: hukabidhiwa barua, husoma anwani, hujua aende wapi, na asipomkuta mwenyewe hurudi kesho". Hapo neno lilikuwa mkononi mwake. Akaliacha palepale, na katika ukurasa wa 10 akarudia "seva". Tarishi ni neno la Kiswahili cha siku nyingi. Kila mtumishi wa serikali amefanya kazi na tarishi, na hakuna atakayedhani kwamba tarishi ndiye anayetunza majalada. Tunapendekeza, bila kusita, kwamba programu za aina ya Postfix na Exim ziitwe programu tarishi, na zile za aina ya Dovecot ziitwe programu za masanduku. "Seva ya barua pepe" libaki kuwa jina la mashine nzima pamoja na vyote vilivyomo. Neno "seva" lenyewe hatuna ugomvi nalo. Limekwisha kuzoeleka, na wale waliopendekeza "mtumishi" walitupa neno litakaloleta fujo katika waraka wowote wa utumishi.

Pamoja na majina hayo inatubidi tutengeneze vitenzi, maana kijitabu kimeanguka hapo pia. Kinasema "Postfix hupokea barua", na mistari michache baadaye "Dovecot hupokea barua", na tena "mtumiaji hupokea barua". Wapokeaji watatu katika ukurasa mmoja! Tunashauri kwamba tarishi apokee na kupeleka, sanduku litunze na kutoa, na mwenye barua achukue. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kazi hii, wala hakuna haja ya kubuni hata kimoja.

Majina haya yakishapatikana, uchaguzi wenyewe unakuwa mwepesi zaidi kuliko kijitabu kinavyoufanya, kwa kuwa maswali yanakuwa mawili: tarishi yupi, na sanduku lipi. Swali la pili siku hizi halina ubishi mkubwa. Paneli nyingi huja na Dovecot. La kwanza ndilo lenye historia. Sendmail ni ya mwaka 1983, kazi ya Eric Allman, nayo ilibeba barua za ulimwengu kwa miaka mingi, ingawa lugha ya kuipangia kazi ni ngumu kupita kiasi. Exim ilianzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. qmail ya Daniel J. Bernstein ilisifiwa kwa usalama wake, lakini toleo la mwisho alilolitoa mwenyewe ni la mwaka 1998. Baadaye, mwaka 2007, aliiachia iwe mali ya umma, na waitumiao hutegemea viraka vya watu wengine. Postfix aliitoa Wietse Venema mwaka 1998 alipokuwa katika kampuni ya IBM. Imegawanywa katika programu ndogondogo, kila moja na kazi yake na mamlaka madogo, ili ikiharibika moja isiangushe nyumba nzima.

Tena mara nyingi mteja hachagui, kwa sababu paneli imekwisha kumchagulia. Anayelipia cPanel ameichukua Exim pamoja na Dovecot. DirectAdmin nayo ni vivyo hivyo. Plesk ilitumia qmail kwa miaka mingi kabla ya kuruhusu Postfix. Virtualmin, iliyojengwa juu ya Webmin, aghalabu huandaa Postfix na Dovecot kwa pamoja, na lau chama kile kingeanzia hapo badala ya kukusanya programu mojamoja, yaliyowapata yasingewapata. Kijitabu hakisemi neno juu ya jambo hili. Kinamwalika msomaji kuchagua tarishi kana kwamba ofisi haina tarishi, ilhali amekaa mlangoni.

Kuhusu usalama, ukurasa wa 7 unasema Exim ni salama "kwa kuwa ni ya siku nyingi". Hiyo si hoja. Mwezi Juni 1919 ungeweza kuandikwa hapa kwa kosa la chapa na usilete madhara. Lakini Juni 2019 hauna budi kutajwa sawasawa, maana ndipo ilipotangazwa kasoro katika matoleo ya Exim kuanzia 4.87 hadi 4.91 iliyomwezesha mtu wa nje kuiamuru mashine kwa mamlaka ya mkuu wake. Toleo la 4.92, lililotangulia kutoka mwezi Februari mwaka huo, halikuwa na kasoro hiyo. Waliokuwa wamesasisha walipona. Mwandishi angeandika kwamba tarishi yeyote ni salama kadiri msimamizi wake anavyomfuatilia, na angepunguza alama za wepesi kwa yule ambaye mtu wa Masama hana wa kumuuliza habari zake.

Tuingie katika istilahi nyingine, ambazo baadhi yake tutazipitia haraka.

"Jopo dhibiti", lililotumika mara 11 kwa maana ya paneli ya usimamizi, halifai. Jopo ni watu: jopo la majaji, jopo la madaktari. Anayesoma kwamba "jopo dhibiti limekataa neno la siri" atawahurumia wajumbe. Paneli tumekwisha kuizoea juu ya mapaa yetu kwa ajili ya umeme wa jua, na "paneli ya usimamizi" yatosha.

"Ukaribishaji wa tovuti" ni tafsiri ya sura ya neno na si ya maana yake. Mgeni hukaribishwa, hapewi hati ya madai mwisho wa mwezi. Jambo linalotendeka hapa ni upangishaji: kuna mwenye nyumba, kuna wapangaji, na kuna kodi. Kuitumia istilahi hii kunatufungulia pia jambo ambalo kijitabu kimeshindwa kulieleza kwa aya nzima. Wapangaji wengi wa mashine moja hutoka nje kwa namba moja ya mtandao. Mpangaji mmoja akianza kumwaga barua za utapeli, namba ile huingizwa katika orodha za waliokataliwa, na barua za jirani yake mwema, yaani chama cha kahawa, hukataliwa pamoja naye. Kwa hiyo anayechagua tarishi kwa ajili ya nyumba ya wapangaji aulize kwanza kama tarishi huyo, au paneli iliyo juu yake, anaweza kumwekea kila mpangaji kiasi cha barua kwa saa, na kumsimamisha mmoja bila kuwasimamisha wote. Swali hili halimo katika jedwali, nalo lina uzito kuliko yote yaliyomo.

"Barua chafu" kwa maana ya barua zisizotakiwa tumelikata. Barua chafu ni barua ya matusi. "Barua taka" limekwisha kuenea na lina maana inayotakiwa. "Barua iliyodunda" nalo tumelikata, si kwa sababu ni baya, bali kwa sababu posta ina neno lake, "barua iliyorejeshwa", ambalo watu walilijua kabla ya kompyuta kufika nchini.

"Kikoa" mwandishi amelitumia sawasawa, kama linavyotumika katika usajili wa majina yaishiayo kwa .tz. Tunalitaja kwa furaha tu: wazee wa pwani walilijua kikoa kuwa ni chakula cha watu wanaolishana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Na "barua pepe" je? Yuko msomaji wetu asiyechoka kutukumbusha kwamba pepe ni punje ya mpunga isiyo na kitu ndani, na kwamba wenzetu wa Kenya wengine husema "barua meme". Tunamheshimu. Lakini neno likishaandikwa juu ya kila barua ya serikali, kulirudisha nyuma ni kazi bure, tena barua nyingine tunazozipata zinastahili kuitwa pepe kwa maana hiyo yake.

Tumebakiza sehemu iliyo bora kuliko zote, ukurasa wa 11, na hapo tuna shauri gumu. Akitaka kueleza foleni ya barua, yaani mahali tarishi anapoziweka barua ambazo bado hazijapokelewa zinakokwenda, mwandishi ameiacha foleni na kutumia neno "nduwa". Kwa wasiofika huko: miteremko ya Kilimanjaro imekatwa kwa mifereji ya kale ya kumwagilia, ambayo wenyeji huiita mifongo. Maji huchepushwa kutoka mtoni juu karibu na msitu, hufuata ubavu wa mlima, na kugawiwa vihamba kwa zamu. Maji ya usiku, ambayo hayana wa kuyatumia, huzuiliwa katika bwawa dogo hadi asubuhi. Hilo ndilo nduwa. Mwandishi anasema: barua isiyopata njia haimwagiki, inakaa ndani ya nduwa mpaka zamu yake ifike.

Maelezo haya ni sahihi kuliko neno "foleni". Foleni hutufanya tuone watu wamesimama, mmoja akimngoja aliye mbele yake. Tarishi hafanyi hivyo; barua moja ikikwama nyingine hupita. Postfix, isipoagizwa vingine, huzuia barua iliyokwama kwa siku 5 huku ikijaribu tena na tena. Mpango wa kawaida wa Exim ni siku 4. Kwa mtu wa kijijini habari hii ina thamani kubwa. Umeme ukikatika siku mbili mashine yake ikazimika, barua zake zimo katika nduwa za wengine, nazo zitashuka umeme ukirudi. Lakini barua za yule mnunuzi wa kahawa zilikaa huko siku zote zilizoruhusiwa, zikingoja tarishi ambaye hakuwapo, kisha zikarejeshwa.

Je, tulipitishe neno "nduwa"? Utaratibu unaruhusu, hata unahimiza, kwamba Kiswahili kikikosa neno tulitafute kwanza katika lugha nyingine za Kibantu. Ndivyo tulivyopata "ikulu" kutoka Unyamwezi na "ngeli" kutoka Buhaya, na Wachaga wenyewe wamekwisha kutupa "ndafu" bila kuombwa. Lakini masharti ya utaratibu huo ni kwamba Kiswahili kikose neno, nasi neno tunalo. Karani wa Lindi anaijua foleni, hajui nduwa, na tukimpa nduwa itatubidi tumweleze kwanza mlima. Kwa hiyo tumeamua, kwa shingo upande, kwamba istilahi iwe "foleni", na kwamba aya ya nduwa ibaki kijitabuni neno kwa neno kama maelezo. Mmoja wetu hakukubali, na ametaka iandikwe hivyo.

Kuna pengo moja ambalo si la lugha. Kijitabu hakisemi lolote juu ya kumthibitisha mpelekaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka wanaowapelekea barua watimize masharti ya uthibitisho, na kwa wapelekao barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye Gmail masharti ni makali zaidi. Kikoa hutangaza orodha ya mashine zinazoruhusiwa kupeleka barua kwa jina lake, nayo barua hupigwa muhuri wa siri ambao anayepokea anaweza kuukagua. Tumependekeza "orodha ya matarishi walioidhinishwa" kwa ile ya kwanza, inayojulikana kwa herufi SPF, na "muhuri wa kikoa" kwa ile ya pili, DKIM. Hapa pana tofauti ya kweli kati ya matarishi: Exim hupiga muhuri yenyewe, lakini Postfix huhitaji programu nyingine ya kuisaidia. Paneli nyingi hulimaliza jambo hili bila msimamizi kujua. Anayejenga mwenyewe lazima alijue.

Tumekirudisha kijitabu Masama pamoja na masahihisho, jedwali moja likiwa limegawanywa mawili. Mwalimu ametujibu kwamba anakubali yote isipokuwa "foleni", na kwamba chama sasa kina Postfix. Ameuliza pia tuliite nini lile dirisha la tatu, programu ambayo mwenye barua huifungua ili asome na kuandika. Yeye anapendekeza "kisomeo", ambalo halionyeshi kwamba mtu huandika humo pia. Sisi tulifikiria "dawati la barua", ambalo ni refu. Wasomaji wenye neno bora watuletee kabla ya toleo lijalo.